Taa ya Cucu Haichukuliwi

Vijana wa kitengo cha kompyuta, siku ya kuniaga nikistaafu mlinipa blanketi, saa ya ukutani na mchezo wa kompyuta. Blanketi ninajifunika, maana baridi ya Kanja haina adabu. Saa inaenda. Mchezo ndio ulionifanya niketi niandike, kwa sababu mmeniudhi, na mtu akiudhiwa na watu anaowapenda inambidi awaeleze kosa lao polepole, tangu mwanzo, wasije wakalirudia kwa mzee mwingine.

Mlikuwa mkinisikia nikiusimulia mchezo huo wakati wa chai. Mkaenda mkautafuta, mkaniambia kwa furaha kwamba umetolewa upya, umesafishwa, picha zote zimechorwa tena na wahusika sasa wanaongea kwa sauti zao. Mlifikiri mzee atatokwa na machozi. Nimeucheza mpaka mahali fulani nikauacha. Umesafishwa kweli. Umesafishwa kama sufuria iliyosuguliwa mpaka ikatoboka.

Vyeo na mishahara sitaviongelea. Vilikuja vimechelewa na havikunifundisha lolote. Nitaongea kazi.

Nilirudi kutoka India mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wenzangu walirudi na suti na lafudhi. Mimi nilirudi na diploma ya ufundi wa kompyuta, bisibisi zangu, kompyuta moja niliyoiunganisha kwa mikono hii, na boksi la disketi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Baba alikuwa na mashina machache ya kahawa, na miaka ile kahawa ilikuwa pambo tu shambani. Nilijisomesha kwa kutengeneza redio za bweni zima, na wale wenye baba wakubwa, waliokuwa wakinipa redio zao juu ya bega bila kunitazama, leo wengi wao hawajui hata kubadilisha fyuzi. Pale kijijini kwetu Kanja niliporudi nilitangaza, mbele ya watu na mbele ya wachungaji, kwamba sikwenda India ili nije kuchuma kahawa. Maneno hayo yawekeni akilini, kwa sababu kijiji kiliyaweka.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Meru mjini, katika duka la mashine za ofisi. Siku ya kwanza mwenye duka alitazama diploma yangu, akaitazama na nyuma, kisha akanipa ufagio. Nilifagia. Nilifagia vizuri kuliko yeyote aliyewahi kufagia duka lile, na kesho yake nikamwambia kwamba chini ya kabati lake kulikuwa na skurubu za kutosha kutengeneza taipureta nzima. Hapo ndipo alipoanza kunipa mashine.

Kesi ngumu ya kwanza ilitoka Mikinduri. Mzee Kaburu, mfanyabiashara wa miraa, alikuwa amenunua kompyuta kwetu ili ajue nani amepelekewa nini, na ikamfia kabla ya msimu kuisha. Nilipofika niliikuta mezani imefungwa kwa majani ya migomba, imekazwa kwa kamba, nadhifu kabisa, kama furushi la miraa linalosubiri gari la Nairobi.

Nikamuuliza ni nani aliyefanya hivyo.

"Ni mimi," akasema. "Si wewe mwenyewe ulisema hii mashine haitaki joto? Mimi kitu haitaki joto najua kuiweka. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Nikaifungua. Ndani kulikuwa na umande, na ile bodi kubwa ilikuwa imeota ukungu wa kijani kwenye miguu ya chipu. Watu wa duka wangesema ibadilishwe. Mimi niliomba spiriti na mswaki mpya. Nikaisugua bodi mguu kwa mguu, nikaianika kivulini, nikairudisha, ikawaka. Mzee Kaburu akaniambia nina mkono, akataka kuufunga mswaki ule kwa jani la mgomba niende nao. Niliutumia mswaki huo miaka mingi. Nyinyi mnapuliza upepo wa kopo na kuandika kwamba kifaa kimekufa.

Kutoka Meru nilichukuliwa na chuo kimoja cha kanisa mjini Embu, chuo cha kufundisha makarani kupiga taipu. Kamati ya chuo ilikuwa imepata kompyuta kuukuu chache na haikujua izifanye nini. Mkurugenzi, Bwana Mugo, hakuzitaka. Alikuwa mtu wa taipureta tangu ujana wake na aliamini kwamba mashine isiyopiga kelele haifanyi kazi. Akanipa chumba kilichokuwa stoo, chenye dirisha moja lililolegea ambalo upepo wa mlima ulilipigapiga mchana kutwa. Nikalibana kwa kipande cha kitu nilichokiona hakina kazi, nikaanza kufundisha.

Nilishindwa. Nasema hivyo bila aibu kwa kuwa nilishindwa kwa muda mfupi. Wanafunzi wangu walikuwa mabinti na vijana kutoka Gachoka, Kanja na vijiji vya katikati, na wengi waliigusa kibodi kama mtu anayegusa chungu kujua kama kimepoa. Niliwaeleza kompyuta ilivyo, sehemu zake, historia yake. Waliandika kila kitu na hawakugusa chochote.

Chumba cha pili kulikuwa na Madam Ruguru, mwalimu wa taipu. Huyo ndiye mtu pekee katika nchi hii aliyenifundisha kitu baada ya India. Aliwafunika wanafunzi wake mikono kwa kitambaa ili wasione herufi, na akitembea nyuma yao hakuna aliyethubutu kupumua vibaya. Siku moja alisimama mlangoni kwangu akasikiliza somo lote, kisha akanivuta kando.

"Mwalimu, wewe unajua sana," akaniambia. "Sasa nyamaza. Wape kitu ambacho wanakitaka, na njia ya kukifikia iwe ni kupiga hizo herufi. Mimi niliwaambia watapiga barua za wachumba. Wewe waambie nini?"

Nikauleta ule mchezo.

Nilikuwa nimeununua India kwa mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa anahama. Jina lake ni refu, la Kiingereza, limejaa falme na madaraja, na halina haja hapa, maana Embu hakuna aliyelitumia. Ulikuwa hadithi. Skrini ilikuchorea mahali, kwa rangi chache tu, na chini yake ikakupa mstari mtupu. Hapo ndipo ulipoandika unachotaka kufanya, kwa Kiingereza, kwa vidole vyako. Nenda kaskazini. Fungua mlango. Ongea na mchunga kondoo. Ukikosea herufi moja mashine ilikujibu: Sielewi neno hilo. Jibu hilo lilienea chuo kizima. Bwana Mugo akiuliza ni nani aliyeacha mfereji wazi, sauti ilitoka nyuma ikimwambia haielewi neno hilo.

Na walipiga herufi. Binti aliyekuwa anakiogopa kitufe cha Enta alijikuta amesimama njia panda, msitu mbele yake, na njia ya kujua kilichoko msituni ilikuwa moja tu. Kabla ya muhula kuisha, Madam Ruguru alikuja na kitambaa chake akawafunika mikono na wakaendelea kucheza. Alinitazama kwa muda, akasema, "Afadhali." Kwa Madam Ruguru hilo lilikuwa sherehe ya kutunukiwa shahada.

Huo mliouleta nyinyi hauna mstari wa kuandika. Una picha ya jicho, picha ya mkono na picha ya mdomo. Unabonyeza jicho, unatazama. Unabonyeza mkono, unachukua. Kuku angeweza kuumaliza mchezo huo kama ungemwagia mtama mahali panapofaa.

Sasa nifike kwa mama mmoja wa ndani ya mchezo ule.

Katikati ya hadithi kuna nyumba ya bibi kizee, peke yake kando ya mto, na wanafunzi wakamwita Cucu siku ile ile, kama walivyowaita nyanya zao nyumbani. Ndani ya nyumba kuna taa. Bila taa huwezi kuvuka daraja la mbele, ambalo limo gizani na linalindwa na mtu mwenye panga. Njia ilikuwa hii: unaingia, unangoja Cucu atoke kutafuta kuni, unaandika kwamba unachukua taa, unaondoka. Kisha darajani unamuua yule mlinzi, unavuka, unavikwa taji, muziki unapigwa. Mimi nilikuwa nimeumaliza hivyo India mara nyingi, mbele ya watu, nikishangiliwa.

Wanafunzi wangu hawakuipenda sehemu hiyo. Waliingia wakaandika salamu. Waliandika wanaomba taa, tafadhali. Mmoja aliandika kwamba ametumwa na mama yake. Mashine haikuelewa maneno hayo. Mwishowe waliichukua, lakini nimemwona kijana mzima akibonyeza Enta huku ametazama ukutani. Wawira, binti wa Gachoka, aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko wote na tahajia mbaya kuliko wote, aliniuliza waziwazi, "Mwalimu, kwa nini tunamwibia Cucu na hajatukosea?" Nikamwambia ni mchezo. Akasema nyumbani kwao hata mchezo wa kuiba unachapiwa.

Maneno hayo yalimfikia Bwana Mugo. Hicho ndicho alichokuwa akikingoja. Akaandikia kamati kwamba kompyuta za kanisa zinafundisha uvivu na wizi, na kwamba taipureta hazijawahi kumfundisha mtu kuiba. Kamati ikasema itakuja kujionea. Ikikuta ni kweli, mashine zitauzwa, chumba kitarudi kuwa stoo na mimi nitarudi kwa baba. Kanja walikuwa tayari. Mama aliniambia, kwa upole wake, kwamba jirani mmoja alikuwa ameshanichagulia kikapu cha kuchumia kahawa.

Nilijiandaa. Nilipanga barua ndefu ya mfano ipigwe, isahihishwe bila kifutio na ichapishwe kwenye printa mbele ya macho yao. Printa niliisafisha kwa ule mswaki. Wawira ndiye angepiga.

Wakaja baada ya chai ya saa nne. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nthiga, hedimasta mstaafu, ambaye nusu ya wachungaji wa eneo lile walipitia kiboko chake. Pamoja naye alikuja Mama Igoki, kiongozi wa akina mama wa kanisa, asiyejua Kiingereza wala asiyejali kutokijua, na wazee wengine wawili ambao kazi yao ilikuwa kukubaliana. Nikawakaribisha kwenye printa. Bwana Mugo akanikata kauli kwa adabu yote.

"Barua tunazijua, Mwalimu. Tunapiga barua hapa toka zamani. Waonyeshe wazee ule mchezo."

Wawira akanitazama. Ningekataa ningekuwa nimekiri. Nikamwambia auweke.

Mchezo ulihifadhi mahali mtu alipoachia, na Wawira alikuwa ameachia ndani ya nyumba ya Cucu. Kwa hiyo picha ya kwanza waliyoiona wazee wa kanisa ilikuwa bibi kizee ameketi jikoni kwake na mgeni amesimama mlangoni. Mama Igoki akavuta kiti karibu na kumtaka Wawira amsomee kwa Kiswahili kila kilichoandikwa. Akasomewa. Akatikisa kichwa.

"Huyu mama ako peke yake?"

"Ndiyo, Mama."

"Hana mtoto?"

"Hajasema, Mama."

"Na wewe umeingia kwake kufanya nini?"

Wawira akarudisha mikono mapajani.

"Mjibu Mama," akasema Bwana Mugo. Kisha akajibu yeye mwenyewe. "Ameingia kuiba taa. Hayo ndiyo masomo yenyewe. Anangoja Cucu atoke kuni, anabeba taa ya watu."

Mzee Nthiga akageuza shingo yake ndefu akanitazama mimi. Nilikuwa na maelezo. Mtu wa diploma hakosi maelezo. Lakini kabla sijafungua mdomo, Wawira alisema kwa sauti ndogo, bila kumtazama yeyote, "Leo hatuchukui. Tunatoka tu."

Akaandika neno la kutoka.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo nyinyi mliosomea Nairobi mnaliona dogo. Kwa Kiingereza kuna leave, kuondoka, na kuna live, kuishi. Katika vinywa vyetu watu wa huku maneno hayo mawili ni neno moja. Mimi mwenyewe, pamoja na India yangu, ukinisikia nikiyatamka kwa haraka huwezi kujua kama ninahama au ninahamia. Kwa hiyo Wawira aliandika kama alivyosikia. Aliandika LIVE.

Niliona kabla hajabonyeza Enta. Nilijua kitakachofuata: Sielewi neno hilo, na Bwana Mugo acheke, na mwanafunzi wangu bora aonekane hajui hata kutoka nje ya nyumba. Akabonyeza.

Mashine haikusema haielewi. Ilikaa kimya. Kisha kile kisomeo cha disketi kikaanza kukoroma mkoromo ambao sikuwahi kuusikia, na kwenye skrini yakatokea maandishi yakiomba disketi ya mwisho ya boksi.

Sasa sikilizeni. Disketi ile haikuwahi kuombwa. India nzima hakuna aliyeombwa disketi hiyo. Nilikuwa nimeamua kwamba ni akiba, na kwa vile Embu disketi zilikuwa adimu nilijaribu kuifuta niitumie kwa mitihani, lakini kile kifuniko chake kidogo cha kuruhusu kuandika kilikuwa kimevunjika tangu kiwandani na ikakataa kufutika. Ndipo nikaipa kazi nyingine. Ndiyo iliyokuwa imelibana dirisha.

Nilitembea mpaka dirishani kwa mwendo wa mtu aliyepanga jambo hilo tangu Jumatatu. Nikaichomoa. Dirisha likaanza kupigapiga. Nikaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, nikasogeza kile kibati chake nikaona kisahani cha ndani kiko salama, nikaisukuma ndani ya mashine. Mzee mmoja wa kukubaliana alinishikia dirisha bila kuombwa.

Ikasoma.

Cucu akasogea kwenye benchi lake. Picha hiyo sikuwahi kuiona, na nikaupa uso wangu sura ya mtu aliyeiona mara mia. Akaacha nafasi kando yake. Wawira akasoma, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa imebadilika: "Basi kaa. Maji yameisha."

"Si unasikia?" akasema Mama Igoki. "Nenda ukateke."

Wawira akaandika kwamba anakwenda kuteka maji. Mashine ikaelewa. Akafagia, ikaelewa. Akachanja kuni, ikaelewa. Na kila kazi moja ilipokwisha, Cucu alisema jambo moja. Hayo yalichukua muda mrefu. Chai ya pili ililetwa ikapoa. Mama Igoki alikuwa akitoa amri na Wawira akizigeuza kuwa Kiingereza na kuzipiga haraka kuliko mama yule alivyozitamka. Mzee Nthiga alikuwa amevua kofia na kuinama nyuma yao, akisahihisha tahajia kabla Enta haijabonyezwa, isipokuwa mara moja alipokosea yeye na mashine ikamwambia haielewi neno hilo. Nilidhani tumekwisha. Akasema, "Iko sawa. Haina upendeleo."

Kidogo kidogo ikatoka hadithi ambayo mimi na darasa langu lote la India tuliipita kama wapita njia. Taa ile ilikuwa ya mwanawe. Alikwenda kulinda daraja akiwa kijana na hakurudi, na mama huiwasha kila jioni na kuiweka dirishani aone njia ya nyumbani. Yule mlinzi mwenye panga, ambaye nilimuua mara nyingi hivyo nikishangiliwa, alikuwa mtoto wa Cucu. Mwishowe Cucu alimpa Wawira taa kwa mkono wake mwenyewe. Wawira akaenda nayo darajani, na mlinzi alipoiona alishusha panga. Hakuna taji, hakuna muziki. Wakarudi watu wawili kwa njia ile ile, na mashine ikaandika kwamba mwisho ni hapo.

Mama Igoki alifuta macho kwa leso bila kuficha. Mzee Nthiga alimuuliza Wawira ni nani aliyemfundisha lile neno la kukaa.

"Nilikosea, Mzee," akasema. "Nilitaka kuondoka."

Mzee akatafakari hilo, akavaa kofia yake. Bwana Mugo akaanza kusema kwamba bado ni mchezo. Mzee Nthiga akainua kidole kimoja, na mkurugenzi mzima akanyamaza kama mtoto wa darasa la tatu.

"Chumba kibaki," akasema. "Huyu msichana anapiga, anasoma, anafasiri, na hajatazama vidole vyake hata mara moja. Na kuanzia leo, katika chuo hiki, mtu asiingie kwa huyu mama kumwibia. Akiingia, akae. Huo ndio uamuzi wa kamati."

Mama Igoki akasema amina. Wale wazee wawili wakakubaliana.

Nikautekeleza. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu pale alikaa kwa Cucu, akateka maji, akapewa taa. Wachache wakaidi waliojaribu kuichukua niliwazimia mashine. Madam Ruguru alipostaafu aliniachia kitambaa chake, na wanafunzi wangu wakawa wanachukuliwa na ofisi za Embu na Meru kabla hawajamaliza muhula. Wawira alikwenda hospitali moja kuwa karani, na mpaka leo hakuna mtu anayemshinda kwa kasi. Tahajia alikuja kuirekebisha, isipokuwa neno moja ambalo anasema hana sababu ya kulirekebisha. Hakuna kikapu cha kahawa nilichowahi kushika. Kompyuta zile zilikufa moja moja, pamoja na ile niliyotoka nayo India, na disketi zikaisha uhai kama zinavyoisha. Ndiyo sababu mlipouleta ule mchezo upya nilifurahi, nakiri, kwa muda wa dakika kadhaa.

Nikafika kwa Cucu. Wamempa uso mzuri. Makunyanzi yake yamechorwa na mtu ambaye hajawahi kuwa karibu na bibi kizee. Ana sauti, na anasema sentensi moja ile ile kila ukimbonyeza mdomo. Nikatafuta mahali pa kuandika. Hakuna. Nikabonyeza benchi kwa picha ya mkono, benchi halichukuliki. Nikabonyeza ndoo. Nikangoja, nikidhani kungoja kutatosha. Kitu pekee kilichotokea ni mshale wa dhahabu kuanza kuwaka na kuzimika juu ya taa, kunionyesha cha kuiba, kwa kuwa waliousafisha walidhani mzee kama mimi hajaiona.

Hao mafundi walikuwa na disketi zote. Au hawakuwahi kuifungua ile ya mwisho, basi ni wavivu. Au waliifungua, wakaona haina faida, wakaitupa, na kwa hao sina neno la kuandika mahali wachungaji wanaweza kusoma. Wametumia miaka kuchora maji ya mto yang'ae, na wamemfukuza mtu pekee aliyekuwa anaishi kando yake.

Nilimpigia simu Mutuma wenu, aliyeuweka mchezo kwenye mashine yangu, nikamuuliza kama kuna njia nyingine. Akacheka cheko lile la ofisini.

"Mzee, bonyeza tu taa. Ukishaichukua inasonga yenyewe."

Nikamwambia siwezi, kuna uamuzi wa kamati. Akauliza kamati gani. Nikamweleza. Akasema kwa heshima kwamba watu wale, kama anavyoelewa, wamekwisha kufa, na chuo siku hizi ni duka la vipuri.

Yote hayo ni kweli. Mzee Nthiga nilimzika mimi mwenyewe, pamoja na wengine, na Mama Igoki alimfuata. Lakini kamati haikukaa tena kuufuta uamuzi wake, na mimi ndiye niliyeajiriwa kuutekeleza. Nimeizima mashine Cucu akiwa jikoni kwake na taa ikiwa mahali pake. Atakayekuja Kanja kuiwasha, aniletee kwanza mstari wa kuandikia.